Likizo nje ya nchi kwa bajeti ndogo: anza na pasipoti na kalenda, picha za Instagram baadaye

#1 Mtunza Nauli

Wakuu salaam. Kila ikikaribia Juni na Desemba swali ni lile lile: "Nina milioni mbili na kitu, niende wapi nje ya nchi?" Majibu huwa ni Dubai, Zanzibar (ambayo si nje ya nchi, tuache utani), halafu Dubai tena. Uzi huu uwe wa hesabu.

Watu wengi wanapima unafuu kwa nauli peke yake. Kosa. Chukua karatasi uandike vitu viwili:

1. Gharama ya kufika: nauli ya kwenda na kurudi, viza, chanjo, begi la ziada, na usafiri wa kukutoa uwanja wa ndege au stendi hadi mlangoni mwa hoteli.
2. Gharama ya kukaa: chumba, chakula, usafiri wa mjini na viingilio, kwa siku moja.

Mfano wa tarakimu za kubuni, uone hesabu inavyokwenda. Sehemu A kufika ni dola 90, kukaa ni dola 60 kwa siku. Sehemu B kufika ni dola 600, kukaa ni dola 25. Ukikaa siku 7, A inakula dola 510 na B inakula 775. Ukikaa siku 20, A ni 1,290 na B ni 1,100. Mizani inageuka kwenye siku ya 15. Kwa hiyo mwenye wiki moja ya likizo asihangaike na Asia hata akisikia kwamba wali na kuku huko ni bei ya andazi. Mwenye wiki tatu, ndiyo, akapige hesabu.

Tena hiyo ni kwa mtu mmoja. Mkiwa wawili chumba kinabaki kile kile lakini nauli na viza vinazidishwa mara mbili. Mkiwa familia ya watu wanne, gharama ya kufika ndiyo inayowamaliza. Familia iende kwa barabara au treni, nchi jirani. Ndege za mbali ziwe za mtu mmoja au wawili wenye siku nyingi.

#2 Mgeni Mwema

Naweka kiti mbele kabisa. Mkuu, kwa pasipoti ya Tanzania wapi hakuna viza?

#3 Mtunza Nauli

Jirani wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi. Upande wa SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika): Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Afrika Kusini (siku 90 kwa mwaka), Mauritius. Asia: Malaysia, Singapore na Ufilipino kwa matembezi mafupi. Shelisheli haidai viza ila inataka kibali cha kusafiri kinachoombwa mtandaoni kabla ya kupanda ndege, na kinalipiwa.

Hapo angalia mtego. Shelisheli haina viza, lakini kila kitu dukani kimeletwa kwa meli na hoteli zake zimejengwa kwa ajili ya Mzungu wa fungate. Kutokuwa na viza si unafuu.

Kuhusu hati: pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Kwa nchi jirani kuna hati ya dharura ya kusafiria kwa shilingi 20,000, lakini haidumu kama pasipoti. Ukipanga kuvuka mpaka mara kadhaa kwa miaka kumi ijayo, nunua pasipoti umalize kazi.

#4 Mezani Uhamiaji

Mkuu kaanza vizuri, naongeza nyama upande wa kukataliwa, maana hapo ndipo hela za watu zinapopotea.

Anayekuzuia kwanza si afisa wa nchi unayokwenda. Ni mhudumu wa kaunta ya ndege. Yeye anafungua mfumo unaoitwa Timatic, anaingiza uraia wako na safari yako, na mfumo unamwambia masharti. Shirika likikupeleka nchi inayokukataa, linakurudisha kwa gharama zake na linaweza kupigwa faini, ndiyo maana hawabembelezi. Vinavyokwamisha watu:

Pasipoti kubakiwa na chini ya miezi 6. Hata nchi inayodai siku 30 tu, nenda na miezi 6, maana nchi unayounganishia ndege nayo ina masharti yake.

Kurasa. Afrika Kusini inataka kurasa mbili tupu. Mfanyabiashara wa Tunduma mwenye mihuri kila wiki asishangae.

Tiketi ya kurudi. "Nitanunua nikifika huko" haikubaliki kwa nchi nyingi za Asia.

Kadi ya njano. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote hata kama kilichapishwa kwamba mwisho ni miaka 10. Ukichomwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa ya wiki hiyo, kadi yako ni karatasi tu. India hawana mzaha kabisa: ukitokea nchi iliyo kwenye orodha yao bila cheti, wanakutenga hadi siku 6. Kadi za kununua vichochoroni achaneni nazo, akikugundua afisa wa afya safari imeishia pale.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja. Beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili iliyothibitishwa na wakili. Hata pale ambapo sheria imelegezwa, afisa anaweza kuuliza.

Na hili lieleweke: kutohitaji viza si haki ya kuingia. Ukifika Kuala Lumpur au Manila utaulizwa unalala wapi, siku ngapi, una fedha gani na unarudi lini. Majibu yawe yamechapishwa, yasiwe kwenye simu yenye chaji asilimia 3.

#5 Kiti cha Dirishani

Fomu za mtandaoni pia. Malaysia tangu Januari 2024 wana kadi ya kidijitali ya kuwasili, inajazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Singapore nao siku 3. Ufilipino wana eTravel, saa 72. Zote ni BURE. Ukijikuta kwenye ukurasa unaodai dola 50 au 80 kwa kujaza kadi hiyo, umeingia kwa dalali. Kwa India viza ya mtandaoni inalipiwa, lakini tovuti ya serikali inaishia na .gov.in, zile zinazotangulia kwenye matokeo ya utafutaji mara nyingi ni matangazo ya watu wa kati.

#6 Binti Horohoro

Turudi karibu. Kwa anayeishi Tanga, Moshi au hata Dar, Pwani ya Kenya ndiyo likizo ya nje iliyo rahisi kuliko zote na watu wanaidharau kwa sababu "si ndege".

Ukipita Horohoro na Lunga Lunga kwa basi la Mombasa, usiende hadi Mombasa kama lengo ni ufukwe wa Diani. Shuka Ukunda, panda matatu au tuktuk kidogo tu uko ufukweni. Anayepitiliza hadi Likoni atavuka kivuko (kwa miguu ni bure) halafu arudi tena kusini, kapoteza nusu siku. Vyumba vya mstari wa pili, upande wa barabara usio na bahari, ni nafuu mno kuliko vya mstari wa kwanza na ufukwe ni wa umma, unapita njia za wazi.

Ukitaka na Nairobi, treni ya SGR kutoka Mombasa ni kilomita zipatazo 470. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya na la kwanza 4,500. Kituo kiko Miritini, nje ya mji, na mizigo inakaguliwa na mbwa kabla hujaingia, kwa hiyo fika saa nzima kabla. Wikiendi za Pasaka na Krismasi tiketi huisha mapema.

Hifadhi za wanyama za KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) hazipokei fedha taslimu getini, malipo yanapita eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Raia wa Jumuiya ana kiwango chake, tofauti na cha mgeni wa mbali, lakini lazima uonyeshe pasipoti au kitambulisho. Usikubali dereva wa utalii akulipie "kwa haraka" kabla hujaona amechagua kiwango kipi.

#7 Jirani wa Likoni

Kweli kabisa dada. Naongezea: msimu wa bei ya chini huku Pwani ni kuanzia mwisho wa Aprili hadi Juni, lakini Mei mvua ya masika hukaza na mwani hujaa ufukweni. Bei nzuri na hali nzuri vinakutana katikati ya Januari hadi mwanzo wa Machi, watoto wakiwa shule, na tena Septemba hadi Oktoba. Joto la Februari ni kali lakini bahari imetulia, maji safi.

#8 Mgeni Mwema

Na Rwanda/Uganda vipi? Nasikia kibali cha kuona gorila ni dola 1,500, hiyo nafuu iko wapi?

#9 Kasi ya Mutukula

Dola 1,500 ni Rwanda kwa mgeni wa kutoka mbali. Uganda mgeni wa namna hiyo analipa dola 800. Lakini wewe ni raia wa Afrika Mashariki: Uganda kibali chako ni shilingi 300,000 ZA UGANDA, zinazokaribia dola 80 hivi. Hili ni punguzo kubwa mno na wengi wetu hatulitumii.

Namna ya kufanya: kibali kinatolewa na mamlaka ya wanyamapori ya Uganda (UWA) kwa jina la pasipoti, kwa tarehe na kwa eneo maalumu. Bwindi, hifadhi ya hao gorila, ina maeneo manne: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Hapa ndipo watu huharibu. Wananunua kibali cha Buhoma halafu wanapanga gesti Kisoro, ambako ni karibu na Rushaga na Nkuringo. Milima ile barabara ni za vumbi na kona, hutafika kwa mkutano wa asubuhi. Kata eneo kwanza, chumba baadaye. Watu ni 8 kwa kundi, ukiwakuta gorila unakaa saa moja, umri ni miaka 15 kwenda juu, na ukiwa na mafua wanaweza kukuzuia kwa sababu gorila huambukizwa magonjwa yetu.

Gharama inayofichika si kibali, ni gari. Kutoka Kampala hadi Kabale au Kisoro kuna mabasi ya kawaida, lakini kutoka hapo hadi kituo cha kuanzia utakodi gari au boda. Mkiwa watatu au wanne mnagawana. Mtu mmoja peke yake gari linaweza kuzidi kibali. Beba glavu za bustani (upupu na miiba), suruali iingizwe ndani ya soksi, na mlipe mbeba mizigo. Ni ajira ya wanakijiji na kwenye mteremko wa matope atakushika mkono.

Asiyetaka milima aishie Jinja, chanzo cha Nile. Chakula cha Uganda ni rahisi, rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) inashikilia tumbo hadi jioni.

#10 Mezani Uhamiaji

Rwanda mambo matatu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, ondoeni kwenye mabegi kabla ya mpaka wa Rusumo. Magari yanapita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara anza kuangalia kushoto. Na Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja. Anayeacha saa yake na muda wa Dar anafika stendi mapema, hiyo si mbaya. Anayerudi na saa ya Kigali ndiye anayekosa usafiri wa kuunganisha upande wetu. Zambia, Malawi na Afrika Kusini nazo ni vivyo hivyo.

Makumbusho ya mauaji ya kimbari Gisozi hayana kiingilio. Ziwa Kivu upande wa Rubavu ni pazuri, lakini pale ni ukutani kwa Goma ya Kongo. Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025 fuatilia habari za mpaka kabla ya kulipia chumba.

Na kwenye mipaka ya kituo kimoja (Namanga, Mutukula, Rusumo, Tunduma) unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo moja, lililo upande wa nchi unayoingia. Hakikisha una mihuri MIWILI. Ukiruka wa kutoka, utakuja kueleza siku ya kurudi.

#11 Tunduma Tunduma

Wa Mbeya na Songwe mbona hamjatajwa? Maporomoko ya Victoria haya hapa kusini.

Livingstone, mji wa Zambia ulio jirani na maporomoko, uko mbali kuliko ramani inavyodanganya. Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000, Lusaka hadi Livingstone karibu 480. Na Zambia mabasi ya abiria hayaruhusiwi kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri, kwa hiyo basi linaweza kuegeshwa njiani mkalala humo. Weka siku mbili za kwenda na mbili za kurudi. Likizo ya siku 7 kwa barabara inabaki na siku 3 za starehe. Treni ya TAZARA ni njia nzuri ya kufika Kapiri Mposhi, Zambia, lakini ratiba ya abiria imekuwa ikisimama na kurudi, ulizeni kituoni kabla, msitegemee ratiba ya mtandaoni.

Sasa msimu, maana hapa ndipo watu wanalia. Machi hadi Mei maji yanajaa mno: unaloa chapachapa, unasikia ngurumo, na maporomoko yenyewe huyaoni kwa ukungu. Oktoba na Novemba upande wa Zambia unabaki mwamba mkavu kwa sehemu kubwa, maji yako upande wa Zimbabwe. Juni hadi Agosti mwanzoni ndiyo maji na macho vinapatana. Lile dimbwi la ukingoni watu wanalopigia picha hufunguliwa takriban katikati ya Agosti hadi Januari, maji yakipungua.

Lala Livingstone, vyumba ni nafuu kuliko ng'ambo. Kisha vuka daraja la 1905 kwa miguu uone upande wa Zimbabwe siku moja. Raia wa SADC ana kiingilio cha chini kwenye geti la Zimbabwe, onyesha pasipoti. Ile viza ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe iitwayo KAZA, ya dola 50, haikuhusu wewe Mtanzania, asikuuzie mtu. Beba noti za dola 1 na 5, chenji kule ni taabu.

Mabadilisho ya fedha Tunduma: wale vijana wa vidole vyepesi wanahesabu mbele yako, wanachukua tena "kuhakiki", na noti tatu zimeshaondoka. Badilisha ya nauli na chakula tu, tena uhesabu wa mwisho uwe wewe.

#12 Mwana wa Kyela

Malawi tafadhali, msiisahau. Kasumulu, Karonga, Mzuzu, kisha Nkhata Bay karibu kilomita 50 kutoka Mzuzu. Ziwa ni lile lile letu la Nyasa lakini wao wamelijengea vibanda vya wageni vya bei ya gesti.

Tahadhari mbili. Kwacha ya Malawi ina bei ya benki na bei ya mtaani, na tofauti imekuwa kubwa. Ukilipa kwa kadi unakatwa kwa bei ya benki, na kila kitu kinageuka ghali. Nenda na taslimu, na uulize bei ya chumba kwa kwacha. Mafuta nayo huadimika, dereva wa teksi akitaja bei ya ajabu si lazima awe tapeli.

Ya pili kichocho, hasa Cape Maclear na fukwe zenye matete na maji yaliyotulia. Kuogelea penye mawe na kina ni salama zaidi. Dawa ni praziquantel, na ukinywa siku uliyotoka majini haitoshi kwa sababu minyoo bado michanga; subiri wiki 6 hadi 8 ndipo upimwe na unywe.

#13 Kiti cha Dirishani

Kwa mwenye wiki tatu, Malaysia ndiyo naiweka mbele ya Dubai. Hulipii viza, chakula halali kipo kila kona, plagi za umeme ni kama zetu za miguu mitatu ya bapa. Gharama za kuongeza kwenye hesabu: kodi ya utalii ringgit 10 kwa chumba kwa usiku, inadaiwa kaunta hata kama ulishalipia mtandaoni. Treni ya haraka kutoka uwanja wa ndege hadi KL Sentral, kituo kikuu cha Kuala Lumpur, ni ringgit 55. Basi linachukua muda zaidi kwa sehemu ndogo ya hiyo bei. Visiwa vya mashariki (Perhentian, Redang, Tioman) usiviguse Novemba hadi Februari, mvua za msimu hufunga hoteli na boti. Miezi hiyo nenda magharibi: Langkawi na Penang.

Ndege za bei rahisi za huko zinaruhusu kilo 7 mkononi, na wanapima kweli. Usinunue tiketi mbili tofauti zenye saa mbili katikati: ya kwanza ikichelewa, ya pili imekufa, na hakuna wa kukufidia kwa sababu kila shirika lilitimiza mkataba wake. Pia itabidi uingie nchi ya kati kuchukua begi, na huenda inataka viza.

#14 Mhasibu wa Kariakoo

Dubai isitukanwe, ipangwe tu. Juni hadi Agosti vyumba vinashuka kwa sababu joto linapita nyuzi 40. Ukikubali kuishi ndani ya maduka mchana na kutoka usiku, ni bei nzuri. Ongeza viza, ada ya utalii dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na daraja la hoteli, na amana wanayozuia kwenye kadi mkiingia. Metro kwa Nol (kadi ya usafiri), ile ya rangi ya fedha, ni dirhamu 3 hadi 7.5 kwa safari, na kula au kunywa ndani ni faini ya dirhamu 100. Teksi ndizo zinazomaliza watu.

Upande wa kadi za benki, popote uendako: mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi za kwenu au kwa fedha ya pale, chagua fedha ya pale. Ukichagua shilingi wanakuwekea kiwango chao. Toa fedha ATM mara chache kwa kiasi kikubwa, maana ada ni kwa kila muamala. Piga simu benki kabla wafungulie kadi matumizi ya nje. Dola za taslimu ziwe safi na mpya. Noti chakavu, zilizoandikwa au za zamani za kabla ya 2009 hukataliwa au hubadilishwa kwa bei ya kutupa. Kwa Kenya, M-Pesa yako ya Vodacom inatuma kwa Safaricom, kwa hiyo gesti nyingi unaweza kuzilipa bila kubeba kibunda.

#15 Mgeni Mwema

Wakuu mmenifungua. Nina siku 9 Septemba, mimi na mke wangu, tuko Mwanza, tuna milioni mbili na nusu jumla. Pasipoti tunazo.

#16 Kasi ya Mutukula

Mwanza, siku 9, watu wawili: Uganda, mkuu. Basi kupitia Bukoba na Mutukula hadi Kampala, usiku mmoja mpumzike. Siku mbili Jinja. Kisha Kabale, siku mbili kando ya Ziwa Bunyonyi, vibanda vya wageni vipo vya kila bei. Kibali cha gorila kwa wawili ni shilingi 600,000 za Uganda; badilisha kwa kiwango cha siku hiyo uone kinachobaki. Kikiwabana, chukueni gorila muache Jinja, msifanye kinyume. Chagueni Ruhija au Rushaga, ndizo zinazofikika kutokea Kabale. Ulizeni tarehe za vibali SASA kabla ya kukata tiketi ya basi, Septemba ni kiangazi na zinawahi kuisha.

#17 Mtunza Nauli

Na mke aulizwe kama anataka kupanda mlima kwa saa nne kwenye matope. Ziwa Bunyonyi peke yake linatosha likizo.